Mechi ikianza, mkasi unalala: msimu wangu na Leeds

Shati lilikuwa la bwana harusi. Kitani cha rangi ya maziwa, alikileta mwenyewe kimefungwa kwenye gazeti, akaniambia, "Fundi, hiki hakipatikani tena, kuwa makini." Usiku wa Ijumaa, tarehe 4 Oktoba 2024, ikikaribia saa sita, nilikuwa nakata mkono wa kushoto huku simu ikiwa imeegemea kopo la vifungo. Leeds, klabu yangu ya England iliyokuwa daraja la pili wakati ule, walikuwa wanaongoza 2-1 ugenini kwa Sunderland, dakika za nyongeza zinayoyoma. Alan Browne akapiga mpira kutoka mbali, mpira ukadunda mbele ya kipa wetu Illan Meslier, ukabadili njia na kumpita. 2-2. Mimi sikuona chochote, nilisikia tu sauti ya mtangazaji ikikatika katikati ya neno. Mkasi wangu haukukatika. Uliendelea mbele, ukavuka mstari wa chaki, ukala kitambaa karibu robo futi.

Kesho yake nilizunguka Makoroboi nusu siku nikitafuta kitani cha kufanana. Nilipata kinachokaribia, nikalipa kwa fedha yangu, nikamweleza mteja ukweli. Akaniangalia, akauliza, "Kwani fundi, huko England kuna harusi yako?"

Sikuwa na jibu. Lakini siku hiyo ndiyo nilipojiwekea sheria ya kwanza ya msimu: mechi ikiwa hewani, mkasi unalala. Nitashona, nitakunja pindo, nitatia vifungo, nitapiga pasi kama umeme upo. Kukata, hapana.

Nieleze kwanza nilifikaje huko. Hapa Mwanza mtu wa umri wangu anayeshabikia Leeds anaonekana kama mgonjwa. Mimi niliipata kwa kaka yangu, aliyekuwa na kanda ya video ya mabao ya ligi ya England. Kwenye kanda ile alikuwemo Tony Yeboah, Mghana, mwaka 1995, akiwapiga Liverpool na baadaye Wimbledon mabao ambayo wavu ulikuwa kama unataka kung'oka. Nyuma alikuwepo Lucas Radebe kutoka Afrika Kusini. Ikatosha. Kisha Leeds wakashuka 2004, wakakaa nje ya Ligi Kuu miaka 16, mitatu kati ya hiyo wakiwa daraja la tatu kabisa. Wakarudi 2020 na kocha Marcelo Bielsa, wakashuka tena 2023. Wenzangu wa Arsenal na Manchester United waliacha hata kunitania, wakawa wananipa pole tu.

Msimu wa kwanza baada ya kushuka niliufuatilia ovyo, kwa kuchungulia matokeo. Tulimaliza wa tatu na pointi 90. Tisini! Kuna misimu mtu anapanda na chini ya hapo. Lakini Leicester walikuwa na 97 na Ipswich 96, sisi tukaenda kwenye mchujo wa kuwania nafasi ya mwisho ya kupanda, tukafika fainali Wembley tarehe 26 Mei 2024, tukafungwa 1-0 na Southampton, bao la Adam Armstrong. Leeds hawajawahi kupanda kwa njia ya mchujo, hata mara moja. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikujua zile pointi tulizikosea wapi. Nilikuwa kama mtu aliyeibiwa dukani na hana hata daftari la mauzo.

Kwa hiyo Agosti 2024 nikaamua: msimu huu nitazifuata mechi zote 46, moja baada ya nyingine, na nitaziandika.

Kuziona kulikuwa jambo lingine. Kibandaumiza cha mtaani kwetu kinaonyesha Ligi Kuu ya England, Simba, Yanga, na wakati ule Pamba Jiji, maana Pamba walikuwa ndio kwanza wamepanda baada ya miaka zaidi ya 20 na mji mzima ulikuwa umechangamka. Pamba wenyewe walipandia ligi inayoitwa Championship, jina lile lile la daraja la pili kule England, jambo ambalo lilinisaidia sana kuwaelewesha wateja. Lakini ukimwambia mwenye kibanda akuwekee Leeds na Preston Jumanne usiku, atadhani unataka kumfilisi. Video kwenye simu nayo inamaliza kifurushi kabla ya mapumziko. Nikajiunga na matangazo ya sauti ya klabu yenyewe. Sauti inakula data kidogo sana, na fundi cherehani macho yake yana kazi tayari. Masikio ndiyo yaliyokuwa hayana kazi. Kiingereza cha wale watangazaji wa Yorkshire mwezi wa kwanza nilikuwa naambulia nusu yake. Kufikia Krismasi nilikuwa najua kwa mlio wa uwanja tu kama ni kona au ni faulo.

Saa nazo zina mtego. Kuanzia mwisho wa Oktoba Waingereza wanarudisha saa zao nyuma, kwa hiyo mechi ya usiku iliyokuwa inaanza saa nne kwetu inakuwa saa tano, mpaka mwisho wa Machi. Mechi ya kawaida ya Jumamosi inatoka saa kumi na moja inakwenda saa kumi na mbili jioni. Wiki ya kwanza nilikaa na earphone masikioni saa nzima nikisikiliza muziki, nikidhani mtandao umeharibika.

Daftari ni lile lile la vipimo vya wateja, ila nilianza kwa nyuma. Mbele: bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Nyuma: tarehe, mpinzani, matokeo, na safu moja ambayo kwangu ndiyo ilikuwa roho ya kazi yote, nikaiita "zilizodondoka". Timu inayotaka kupanda moja kwa moja kule, hesabu ya kawaida ni pointi mbili kwa kila mechi, yaani 92. Ukishajua hivyo unaacha kulia kwa kila sare. Unajiuliza tu: tumedondosha ngapi, na je, tuliruhusiwa kudondosha? Tulianza na Portsmouth nyumbani, 3-3, na hata hiyo ni Brenden Aaronson aliyesawazisha dakika za nyongeza. Pointi mbili chini siku ya kwanza. Kabla ya hapo tulikuwa tumewauza Archie Gray na Crysencio Summerville, siku chache baadaye tukamuuza na Georginio Rutter, na watu wakasema tumekwisha. Waliokuja ni kina Ao Tanaka kutoka klabu ya Ujerumani, Jayden Bogle, Manor Solomon kwa mkopo, na Largie Ramazani, ambaye wateja wangu wawili waliapa ni mtu wa Kigoma. (Anatoka Ubelgiji. Sikuwabishia.)

Sheria ya pili ilikuwa kutobeti. Hili halikuwa la dini, ni la hesabu. Vijana wa mtaani wanaijua Championship vizuri kuliko mimi, lakini wanaijua kwenye mkeka, na wote watakwambia ndiyo ligi inayochana mikeka kuliko zote. Niliona kwamba ukiweka fedha, unaanza kuitaka timu ishinde leo. Mimi nilitaka ipande Mei.

Desemba na Januari ndipo nilipokaribia kuacha. Fundi yeyote anaujua msimu ule: shule zinafunguliwa, kila mzazi anataka sare jana. Nilikuwa na sketi za bluu mpaka chini ya meza. Na Waingereza nao, badala ya kupumzika sikukuu, ndipo wanapocheza mfululizo: Stoke tarehe 26, Derby tarehe 29, Blackburn mwaka mpya, Hull tarehe 4. Mechi nne ndani ya siku kumi. Nikapanga kazi kwa ratiba ya ligi. Asubuhi nakata vitambaa vyote, naviweka mafungu. Jioni mechi ikianza, ni mishono iliyonyooka na pindo tu, kazi ambayo mguu unaijua bila kichwa. Stoke tulishinda, Derby tukashinda. Blackburn wakasawazisha mwishoni kabisa. Hull tuliongoza 3-1, ikaisha 3-3. Usiku ule nilishona sketi sita na katika daftari nikaandika "4 zimedondoka", nikapigia mstari mara mbili mpaka karatasi ikachanika. Kwa upande mwingine, sketi zilikuwa nzuri.

Februari ilikuwa raha. Cardiff walikula saba bila jibu. Halafu Jumatatu ya tarehe 17, Sunderland wakaja uwanjani kwetu Elland Road, hao hao wa lile shati. Wakatangulia. Ilikuwa saa sita imeshapita, mtaa umelala, mlinzi wa maduka amekaa kwenye kibaraza changu kwa sababu nilikuwa na taa. Beki wetu Pascal Struijk akasawazisha kwa kichwa dakika ya 78. Dakika ya tano ya nyongeza akafunga tena, kwa kichwa tena. Nilipiga kelele, mlinzi akashika rungu.

"Kuna nini, fundi?"

"Struijk."

"Yuko wapi?" Akawasha tochi.

Wiki moja baadaye tukawafuata Sheffield United kwao, tukatanguliwa, tukashinda 3-1. Hapo nilijiona mjanja. Nikamwambia mke wangu hesabu imekamilika, tunapanda. Akanijibu bila kugeuka, "Umeshona vifungo vyote?" Tangu hapo mechi sita tukaambulia pointi saba. Portsmouth wakatufunga. Sare na West Brom, sare na QPR baada ya kutanguliwa mawili, sare na Luton. Na katikati yake Swansea, tarehe 29 Machi: Meslier akaokoa penalti, halafu akafanya kosa lililowapa bao, mshambuliaji wetu Gnonto akaturudisha mbele dakika za mwisho, Swansea wakasawazisha dakika ya 96. Nilivua earphone, nikazima taa, nikakaa gizani na koti la mtu magotini. Kocha Daniel Farke akambadilisha kipa, akamweka Karl Darlow. Kuhusu hilo nina maoni yangu: ilipaswa kufanywa mapema. Lakini mtu aliyekata kitani cha bwana harusi kwa kupepesa jicho hana sauti kubwa ya kumsema kipa.

Nikarudi kwenye daftari badala ya kwenye moyo. Mechi sita zimebaki, tuna 82. Safu ya zilizodondoka ilinionyesha kwamba sehemu yake tulizipoteza tukiwa tunaongoza, si kwa kuzidiwa. Timu ya namna hiyo haina ugonjwa, ina usingizi wa mwishoni. Nikaandika pembeni: sita zote. Middlesbrough 1-0. Preston 2-1. Oxford 1-0. Katika hizo Darlow hakufanya miujiza yoyote, na hicho ndicho nilichokipenda.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili, maduka yote yamefungwa, mimi nimefungua mlango mmoja. Stoke, saa kumi na moja jioni. Joël Piroe alifunga manne kabla ya mapumziko. Manne! Nilikuwa natia vifungo kwenye kanzu, na nilipokuja kukagua, kila tundu lilikuwa na kifungo chake sawasawa, sijui mikono ilifanyaje. Ikaisha 6-0. Lakini kupanda kulitegemea Sheffield United, waliokuwa wanatufukuzia, wasiwafunge Burnley jioni ile ile, kwa hiyo nikabaki hapo hapo nikisubiri mechi ya watu wengine. Burnley wakashinda 2-1, Josh Brownhill mawili. Tukapanda pamoja nao, huku mechi mbili zikiwa bado. Nilifunga duka nikaenda nyumbani polepole, nikanunua samaki wawili wa kukaanga njiani, wakubwa.

Tarehe 3 Mei kulikuwa na ubingwa wenyewe, Plymouth ugenini, saa nane na nusu mchana. 1-1 mpaka dakika 90, halafu Solomon. Pointi 100, mabao 95. Burnley nao 100, na walikuwa wameruhusu mabao 16 tu katika mechi 46, kitu ambacho bado nakisoma mara mbili nikidhani nimeandika vibaya. Tukawapita kwa tofauti ya mabao, 65 kwa 53. Katika safu yangu zilizodondoka zilikuwa 38. Mwaka uliotangulia, nilipokuja kuzihesabu kwa kurudi nyuma, zilikuwa 48.

Agosti 2025 Leeds walicheza mechi yao ya kwanza ya Ligi Kuu, nyumbani na Everton, Jumatatu saa nne usiku. Safari hii kibandani waliiweka. Nililipa, nikakaa mbele, nikawaona kwa macho yangu. Dakika ishirini sikuwa najua mikono niiweke wapi. Mapumziko nikatoka, nikaenda dukani, nikarudi na shati na kopo la vifungo. Kijana aliyekaa pembeni akasogea kunipisha.

"Fundi, hata huku?"

"Wewe angalia," nikamwambia. "Ukiona kitu, niambie."

Dakika ya 84 akanipiga kiwiko. Lukas Nmecha alikuwa ameuweka mpira kwenye alama ya penalti. Nikachomeka sindano kwenye kola, nikainua kichwa.