Tundu la Kifungo Hutangulia Bitana

Shangazi yangu anahamia Njombe, ambako baridi ya Juni na Julai haina mzaha, na ndiyo maana nilijikuta nyumbani Kirumba, katika joto la Mwanza, nikishona koti la sufu nzito ya kijivu. Matundu ya vifungo sikutaka kuyapiga kwa cherehani, kwa kuwa sufu ya namna hii huchomoza nyuzi kama ndevu kabla koti halijavaliwa mara tano. Niliamua kuyazungushia kitambaa, kazi inayopaswa kufanywa wakati kipande cha mbele kingali peke yake, hakijaona kola wala bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti.

Urefu wa tundu niliupata kwa kuzungusha ukanda wa karatasi kwenye kifungo na kuukunja nusu, hesabu inayojumlisha upana wa kifungo na unene wake. Changu cha milimita 22, chenye unene wa milimita 4, kilidai tundu la milimita 26. Koti la kike hufungwa kulia juu ya kushoto, hivyo nilichora upande wa kulia, kila tundu likianzia milimita 3 nje ya mstari wa katikati kuelekea ukingoni, kwa sababu kifungo kikivutwa na mwili hukimbilia mwisho wa tundu.

Kipande cha kuzungushia nilikikata mshazari, nikakilaza uso kwa uso juu ya koti, nikapiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda ya kushikiza, kisha nikashona mstatili wenye upana wa milimita 6 kwa mishono mifupi, nikianzia katikati ya upande mrefu na wala si kwenye kona, maana kona ndiyo itakayobeba taabu yote. Baada ya hapo mkasi hupita katikati, husimama karibu milimita 8 kabla ya kila mwisho, na kuelekea kila kona hadi ubakie uzi mmoja tu kuugusa mshono. Ukikata pungufu, kona itakunjamana. Ukipitiliza, kitambaa kimekwisha. Miaka michache iliyopita nilipitiliza nyuzi mbili kwenye koti la mteja, na kipande kipya cha mbele nilikinunua kwa fedha yangu. Tangu siku hiyo hushona kwanza tundu la majaribio kwenye kibakizi cha kitambaa kilekile, hata mteja akisubiri mlangoni.

Kipande kikishapenyezwa kwenda ndani, hukunjwa kuwa midomo miwili ya milimita 3 inayokutana katikati, nayo hufungwa kwa bandi hadi koti likamilike. Umeme ulikatika hapohapo, nikawasha pasi ya mkaa na kutandika kitambaa chenye unyevu juu ya sufu, nikiogopa cheche kuliko kitu kingine. Zile pembetatu ndogo za pembeni nilizishonea kwenye midomo kwa kwenda na kurudi mara tatu. Mafundi wengi huziruka, na ndizo huachia kwanza.

Shangazi alipokuja kujaribu alipitisha kidole juu ya tundu la juu, akauliza kwa nini bandi nyeupe bado ipo.

“Iache, shangazi,” nilimwambia. “Bitana bado sijaitia, na nyuma ya kila tundu nina kazi ya mkono.”