Miaka tisa Uholanzi, narudi Masasi naulizwa kama nimesomea fangasi za miguuni

Basi lilipokunja pale Mnazi Mmoja kushika njia ya Masasi nikafungua dirisha, maana Julai hii ukikaribia Ndanda salfa wanayopulizia mikorosho kuzuia ubwiriunga unaisikia puani kabla hujauona hata mkorosho. Miaka tisa sijainusa. Nikakohoa, jirani yangu akacheka akasema we mgeni eeh, nikanyamaza tu.

Nyumbani shikamoo kama zote, ming'oko ya kuchemsha, halafu jioni barazani mjomba (kwetu Wamakua mjomba ndo mwenye kikao) akauliza, "Mpwa wangu, miaka yote hiyo ulikuwa unasomea nini hasa?" Nikasema fangasi wa kwenye udongo. Kimya. Shangazi kutoka jikoni: "Za miguuni?" Baraza zima likaangua kicheko.

Wala siwalaumu, huku fangasi ni adui, ubwiriunga ni fangasi, ukishika maua ya mkorosho msimu ndo umekwisha hivo, na mnyauko fuzari nao ni fangasi, unaingilia mizizini mti mzima unakauka umesimama. Sasa mtu anatoka Ulaya anakwambia kuna wengine ni marafiki, utamwelewa?

Nikaanzia kwa bibi. Nikamkumbusha zile asubuhi za masika tunaokota uyoga chini ya miyombo, na alivyokuwa anasema pakifyekwa miyombo usirudi tena, uyoga umeondoka na wenyewe. Kweli tupu, ule uyoga unaishi kwenye mizizi ya mti, mti ukifa nao basi. Mjerumani mmoja, Albert Bernhard Frank, alitumwa na serikali ya Prussia atafute namna ya kulima uyoga wao wa bei mbaya unaoota chini ya ardhi, akaishia kugundua hiki hiki, mwaka 1885 akakipa jina maikoraiza, yaani kuvu na mzizi. Bibi yangu hakutumwa na mtu.

Wa kwenye muhogo na mkorosho ni jamii nyingine, hawatoi uyoga, huwaoni kwa macho. Nilikuja na kihadubini changu na slaidi ya mzizi wa muhogo uliotiwa rangi ya buluu, nikamwekea mjomba kwenye mwanga wa dirisha. Akafumba jicho moja, akakaa weee. "Naona vijiti vina matawi." Ndo penyewe! Ndani ya seli moja ya mzizi fangasi anaota kama kamti, hapo ndo anakabidhi fosforasi na kulipwa sukari. Maana fosforasi haitembei kwenye udongo, mzizi ukishamaliza ya jirani yake umekwama, muhogo ndo kabisa mizizi yake michache na minene, ila nyuzi za fangasi, nyembamba kuliko unywele, zinafika mbali zaidi zikaichukue.

Mjomba akainua kichwa. "Kwa hiyo ni kangomba."

Kangomba kwetu ndo mlanguzi wa korosho. Nilicheka mpaka machozi, lakini swali lina akili aisee. Nikamwambia hapana mjomba, kangomba anakukuta na njaa anakupangia bei, huku mti nao unapima, imeshaonekana maabara kwamba fangasi akileta kidogo anapewa sukari kidogo. Na ukimwaga mbolea nyingi ya fosfeti mti unapunguza biashara naye, hauna shida tena.

Akaguna. Halafu akauliza nililokuwa nalikwepa: salfa je, haiwaui hao wazuri?

Kuiacha hatuwezi, maua yataisha. Ila inayoanguka chini bakteria wanaigeuza asidi, na udongo wetu wa kichanga hauna ubavu wa kuihimili, miaka inavyokwenda uchachu unapanda na fosforasi yenyewe inazidi kujifunga kwenye udongo. Fangasi wa chini ya mikorosho yake wamebaki wangapi, hapo inabidi tuchimbe.

Asubuhi nimeamka nimemkuta ameshachimba. Vizizi vya mikorosho mitatu, kila kimoja kwenye mfuko wake wa rambo, na cha mti ambao haujawahi kupuliziwa amekifunga kwa uzi mwekundu.