Usiku paketi zilipokataa kufungika

Hii ilikuwa 2014, nikiwa maabara kwenye kiwanda kimoja cha maziwa ya unga huko Bonde la Ufa, shifti ya usiku. Saa tatu hivi pampu ya presha ikafa, ile inayosukuma maziwa mazito kwenye nozeli, vile vitundu vidogo vya kunyunyizia, kwa bar karibu 200, na tanki limejaa, maziwa hayawezi kungoja asubuhi, basi bosi akasema turudishe ile diski ya zamani juu ya draya, chumba cha hewa moto kinachokausha maziwa yawe unga, diski inayozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika na kurusha maziwa pembeni kama tairi kwenye tope. Unga ukaanza kushuka, mweupe mzuri tu, unyevu uko sawa, nikaweka tiki nikaenda kutafuta chai.

Hata sijamaliza kikombe naitwa pakingi. Paketi za nusu kilo zimefura, unga umepanda mpaka mdomoni, mashine ikibana haishiki. Mimi na ujuaji wangu nikasema mzani umeharibika. Tukapima na mzani wa maabara, gramu 500 kamili, tukapima na mwingine, ni zilezile. Saa nzima nagombana na mzani ambao haujanikosea kitu.

Mzee wa draya ndiye akaniambia, "Kijana, leta ile silinda yako ya kupimia." Gramu 100 za jana, za nozeli, nikagongagonga mpaka zikatulia: mililita 155. Za diski: 190. Mzee akacheka. "Haya, sasa kaangalie kwenye hadubini."

Nikaweka unga kidogo kwenye tone la mafuta. Punje za jana zimeshiba, kiputo kidogo hapa na pale. Za diski karibu kila moja ina duara la ukingo mweusi katikati, hewa tupu, kama mahamri. Mzee akanieleza vile diski inavuta hewa na kuichapa ndani ya maziwa kama unavyopiga mayai, halafu tone likikutana na hewa ya nyuzi 180 na kitu ganda linakauka chap, hewa ya ndani inatanuka, punje inabaki puto. Nozeli inasukuma maziwa tu, haichapi hewa. Na maziwa yametoka tanki lilelile jamani! Chuo miaka minne, hakuna aliyewahi kunionyesha hiyo.

Bosi akasema wacheni paketi, jazeni magunia ya kilo 25. Saa kumi alfajiri nikampata mzee kapiga goti juu ya gunia analikandamiza, mshonaji anangoja, na kilo moja na kitu bado iko kwenye ndoo.