Vuli ya jua la kuvizia

Novemba 1997 ua wetu, nje kidogo ya Wete, Pemba, ulitandikwa majamvi sita ya karafuu. Nilikuwa na miaka 11, na kazi yangu ilikuwa moja: kutazama mawingu na kupiga ukelele.

Bibi alikuwa keshanifundisha. Masika, tangu Machi hadi Mei, mvua hushinda kutwa na hakuna anayeanika kitu. Kisha kusi huvuma na ubaridi wake. Vuli ni nyengine. Kusi imeondoka, kaskazi bado haijashika, mvua hupiga alfajiri na saa nne jua limeshawaka. Karafuu hutaka siku nne, tano za jua hilo.

Mwaka ule halikuja. Tuliyakunja majamvi, tukayatandika, tukayakunja tena kabla maji ya chai hayajachemka. Redio ilisema ni El Niño, kwamba Bahari ya Pasifiki imepata joto. Ukubwani ndipo nilipojua kuwa hata Bahari ya Hindi, upande wetu huu, ilikuwa na joto kupita kawaida yake, na mvuke wake ndio uliokuwa ukitumwagikia. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaizima.

"Hii si vuli, mwanangu. Haya masika yamekuja bila hodi."

Karafuu tukaziingiza ndani: sebuleni, ukumbini, chini ya vitanda. Usiku wa kwanza nyumba ilinukia mpaka macho yakawasha. Usiku wa tatu harufu ile ikaanza kuchachuka. Bibi alisogeza kandili, akanitia karafuu moja mkononi.

"Ivunje."

Karafuu iliyokauka ukiibana kwa ukucha hukatika, kak! Hii ilipinda kama uzi. Kwenye kichwa, pale vijani vinapokumbatia kitumba, palikuwa na ukungu mweupe, mwembamba kama unga wa muhogo. Bibi aliitazama sana. Hakusema neno. Akaifunga kwenye pembe ya kanga yake, pale anapofungaga pesa, akaenda kuswali.

Februari kaskazi ilituletea jua. Tulianika mchumo wa mwisho, jamvi moja tu. Nilizigeuza kwa kiganja huku Bibi kakaa barazani. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata kibaka cha wingu, lakini kila nikigeuza mara mbili tatu niliinua uso, na yeye akiinua wake.