Kanda za MiniDV: nilivyozihamishia kwenye kompyuta bila picha kufifia

Fundi mmoja hapa Mwanza mjini alitaka kunihamishia kanda za harusi za MiniDV, yaani kanda ndogo za kamera zinazohifadhi video kidijitali, kwa waya wa njano, nyekundu na nyeupe. Nikakataa. Waya ule hugeuza dijitali kuwa analogi, kisha kompyuta inairudisha tena dijitali. Ubora unapotelea njiani. USB ya kamera yangu nayo hutoa picha za mnato tu, sijui waliiweka ya nini.

Dawa ni FireWire, waya wa kidijitali wa kuunganisha kamera na kompyuta, maana inanakili data ya kanda kama ilivyo. Nilinunua kompyuta ya mezani ya mtumba, nikachomeka kadi ya FireWire, nikarekodi kwa WinDV, programu ya kupokea video kutoka kwenye kamera. Kanda ya saa moja inakula GB 13 hivi, na kuihamisha huchukua saa nzima kwa kuwa lazima ichezwe yote. Faili la video (AVI) linalotoka hapo usilibane kupunguza ukubwa. Kwa kutuma WhatsApp, tengeneza nakala nyingine pembeni.