Habu niliyoisingizia

Trekta langu ni la mtumba, la kuvuta magurudumu yote manne, na kazi yake kubwa ni majaruba ya mpunga huku Usangu, wilayani Mbarali. Msimu uliopita, katikati ya pilika za kuchabanga, yaani kuvuruga tope la jaruba kabla ya kupanda, dereva alinipigia simu alfajiri: "Bosi, tairi la mbele kushoto linavuja oili." Nilipofika nikakuta ringi imelowa kwa upande wa ndani, tope na oili vimeshikana kama uji wa ulezi, na tone linaning'inia chini ya habu, kile kitovu cha gurudumu chenye oili ndani.

Nikasema ni sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke. Nani asingesema hivyo? Tukapiga jeki, tukang'oa tairi, fundi akafungua habu, na kweli, kwenye sili kubwa ya nyuma tukakuta nyuzi za nailoni za mfuko wa mbolea zimejiviringisha mpaka zimeanza kuikata. Nikaenda Igurusi kununua sili na oringi, tukafunga, tukajaza oili, trekta likarudi kazini. Siku ya nne tone lile likawa palepale.

Fundi akaapa kwamba nimeuziwa sili feki, tununue nyingine. Feki zipo, wala simlaumu. Ila bei ya sili ile ilikuwa imeniuma, nikamwambia, "Fundi, kabla sijafungua tena pochi, tuione kwanza hii oili inatokea wapi hasa."

Tukaosha upande wote ule kwa dizeli, kisha maji ya sabuni, tukakausha kwa kitambaa. Halafu nikapuliza unga wa sembe juu ya habu, kwenye maungio, mpaka kwenye krosi ya shafti, kile kiungo kinachoiruhusu shafti ijipinde gurudumu likikata kona. Mama watoto alicheka sana. Akauliza kama trekta nalo limeanza kudai ugali. Kwanza tuliwasha injini likiwa limesimama, tukazungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mara kadhaa, maana mipira ya haidroliki ya usukani inapita karibu na pale na huwa inapakazia habu uchafu wake. Pakavu. Kisha tukatembea taratibu barabarani, tukisimama kila baada ya dakika chache na kumulika kwa tochi.

Unga wa nyuma ya habu ulibaki mweupe. Uliolowa ni wa kwenye krosi. Oili ilikuwa ikitoka hapo, inateremka kwenye shingo inayobeba habu, na krosi ikizunguka kwa kasi inairusha kwenye ringi. Ukifika imeshatapakaa, unaona habu ndiyo mkosaji.

Sasa pale kwenye krosi kuna sili mbili zinazotazamana: moja inazuia oili ya habu, ya pili inazuia oili ya difu, yaani gia za kugawa nguvu kwa magurudumu, zilizo ndani ya ekseli. Kwa macho huwezi kujua ni ipi. Nikakumbuka kwamba kila upande una oili yake na plagi yake. Tukasimamisha trekta mahali tambarare, tukazungusha gurudumu mpaka plagi ya habu ikae usawa wa alama, tukafungua: oili ilikuwa mdomoni kabisa, kama tulivyoijaza wiki ile. Haikupungua hata kidogo! Tukafungua plagi ya ekseli. Nikaingiza kidole, hakikugusa kitu. Tulipomwaga iliyobaki ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia.

Hapo ndipo fundi alipopanda juu ya ekseli kutafuta kipumulio. Ni kikofia kidogo tu cha chuma, na kilikuwa kimezibwa na tope lililokauka likawa tofali. Ekseli ikipata moto kazini, hewa ndani inatanuka, na ikikosa pa kutokea inaisukuma oili kwenye sili. Ukiizamisha kwenye maji ya jaruba ikapoa ghafla, inavuta. Sili iliyochoka inaruhusu maji. Ningebadilisha sili za habu mpaka Pasaka.

Kutoa sili ile ya ekseli ndiko kulikotula siku nzima, kwa sababu lazima ufungue kingpini, zile pini ambazo shingo hugeukia, utoe shingo nzima na habu yake, ndipo shafti ivutwe. Bushi ya shafti, ile kola inayoishikilia isicheze, tuliitikisa, ikawa imelegea, tukabadilisha. Shafti inayocheza itaila sili mpya ndani ya mwezi. Pia mdomo wa sili ya zamani ulikuwa umechonga mfereji kwenye shafti. Fundi aliiingiza sili mpya ndani zaidi kama milimita 2, ikae mahali ambapo shafti haijachongwa. Hilo alilifanya bila kuambiwa, na nilimheshimu zaidi siku hiyo. Oili tulijaza, tukatembea kidogo, tukamwaga tena ili kusafisha maji, ndipo tukajaza ya kudumu.

Kipumulio tulikivalisha kimpira kirefu, tukakipandisha mpaka karibu na injini, tope lisikifikie. Sasa dereva anakipuliza kila Jumamosi.

Sili kubwa ya habu niliyoinunua mwanzo haikupotea bure, ile ya zamani ilikuwa na jeraha kweli. Upande wa kulia bado sijaugusa. Krosi yake ina unyevunyevu, ila haidondoshi. Nimepiga alama ya chaki pale unyevu unapoishia, na mpunga ukishavunwa tutaufungua.