Siku 120 na kasha la siga: kumbukumbu ya mradi wangu

Ninaposema siga simaanishi sigara. Nazungumzia ile nene iliyokunjwa kwa majani matupu ya tumbaku, bila karatasi wala kichujio. Siga ukiisahau mezani inakauka ikawa kama kijiti, na ukiiweka penye maji mengi inaota ukungu. Nilipewa ishirini pamoja na sanduku lake la mbao, nikaambiwa nizitunze. Haya ndiyo niliyoandika daftarini, makosa yakiwemo. Kuhusu afya sina cha kutetea, tumbaku ni tumbaku. Mimi huvuta moja kwa mwezi, na nimegundua kwamba kuzihifadhi kunanishughulisha kuliko kuzivuta.

Siku ya 1

Sanduku lina kifuniko cha kioo na bawaba za shaba. Ndani limewekewa mbao ya mwerezi, ile Cedrela odorata, ambayo kwa kweli si ndugu wa mwerezi wa Lebanoni. Kwa ukoo iko karibu zaidi na mkangazi. Wanaipenda kwa sababu haipindi ovyo inaponyonya unyevu, na harufu yake inapatana na tumbaku. Kwenye kifuniko kuna kipima unyevu cha mshale, na pembeni kijisahani chenye sponji. Nikalowesha sponji kwa maji ya bomba, nikapanga siga, nikafunga. Baada ya saa moja nikachungulia: mshale uko kwenye asilimia 70. Nikajipongeza.

Siku ya 9

Nimeshika siga moja karibu na sikio nikaibonyeza kidogo. Imelia kama jani kavu linalokanyagwa. Mshale bado uko 70. Nikachukua nyingine, iliyokuwa chini kabisa jirani na sponji: hii ni laini mno, inabonyea na hairudi. Mshale 70. Nikakitoa kipimo chenyewe nikakiweka dirishani penye jua: 70. Nikakipeleka bafuni baada ya kuoga, kioo chote kimejaa mvuke: 70.

Yaani siku tisa nimekuwa nikisoma picha.

Siku ya 11

Nimenunua vipimo viwili vidogo vya kidijitali. Kimoja kinasema 61, cha pili 66, vikiwa vimelala bega kwa bega. Sasa nimwamini nani?

Hapa ndipo jaribio la chumvi linapoingia, na hili ningemwomba kila mtu alifanye kabla ya kitu kingine chochote. Chukua kifuniko cha chupa, jaza chumvi ya kawaida ya chakula, dondoshea maji matone machache mpaka iwe kama mchanga wa ufukweni, mbichi lakini usiotiririka. Weka kifuniko hicho pamoja na vipimo vyako ndani ya mfuko wa zipu au chupa ya mdomo mpana, funga kabisa, acha usiku kucha, ikiwezekana saa ishirini na nne. Hewa iliyofungiwa pamoja na maji yaliyoshiba chumvi hutulia kwenye unyevu wa asilimia 75. Haijalishi chumba ni cha baridi kidogo au cha joto kidogo, namba hiyo karibu haibadiliki. Sharti ni moja: chumvi isiyeyuke yote. Ukimwaga maji mengi ikayeyuka yote, unaweza kuwa na maji ya chumvi ambayo hayajashiba, na namba itapanda juu ya 75 bila wewe kujua.

Matokeo: cha kwanza kilisoma 73, cha pili 78. Nimebandika karatasi nyuma ya kila kimoja, "ongeza 2" na "toa 3". Kile cha mshale nacho nilikitia mfukoni kwa heshima ya uzee wake. Kilisoma 70.

Si kwamba vipimo vya mshale ni vibaya kwa asili. Mwaka 1783 mwanasayansi Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alieleza kipimo alichokitengeneza kwa unywele wa binadamu, kwa kuwa unywele hurefuka hewa ikiwa na unyevu na kufupika ikikauka. Kazi ya heshima kabisa. Hiki changu ni pambo lililochorewa namba.

Siku ya 14

Nimeweka kipimo cha pili, kile cha "toa 3", ndani ya sanduku. Baada ya siku mbili, ukweli ni asilimia 58. Kwa siga hilo ni jangwa. Mapendekezo ya kawaida ni kati ya 65 na 72. Chini ya hapo mafuta ya jani huanza kupotea, moto unakimbia na moshi unachoma ulimi. Juu ya hapo siga inavimba, jani la nje linapasuka, na ukungu unapata makao.

Usiku nikawasha tochi, nikaiweka ndani ya sanduku, nikafunga na kuzima taa ya chumba. Mbali na ule uliopita kwenye kioo chenyewe, mwanga ulitoka kwenye kona mbili za kioo na kwenye mstari mzima wa upande wa bawaba. Pale penye ufa unaopitisha mwanga, na mvuke unapita.

Kwa hiyo nina matatizo mawili. Sanduku linavuja, na mbao zake ni kavu, zinakunywa unyevu kabla haujafika kwenye siga. Nimezihamishia siga zote kwenye kopo la plastiki la kuwekea chakula, jipya, lenye mpira kwenye kifuniko na vibano vinne, "kwa muda tu" wakati nashughulikia mbao. Ndani nimeweka vifuko viwili vya kurekebisha unyevu vilivyoandikwa 65. Vifuko hivi ni jamaa wa lile jaribio la chumvi: ndani mna maji yaliyoshiba chumvi fulani, na ngozi ya kifuko inapitisha mvuke lakini haipitishi maji. Hewa ikikauka vinatoa, ikilowa vinanyonya. Sponji inajua kutoa tu.

Kwa nini 65 na si 70? Mapokeo ya Kimarekani yanasema "sabini kwa sabini", yaani unyevu wa asilimia 70 kwenye joto la 70 la Fahrenheit, ambalo kwetu ni nyuzi 21 za Selsiasi. Namba ni nzuri kuikariri, na nadhani uzuri huo umeisaidia sana. Wavutaji wengi wa siga za Kuba hushuka hadi 62 au 65. Ile laini ya jirani na sponji niliivuta: nilivuta kwa tabu kama anyonyaye uji mzito kwa mrija, na iliungua upande mmoja ikaacha mwingine. Nikachagua upande wa ukavu.

Jambo la mwisho la leo. Nimeazima mzani mdogo wa kupimia vito, unaosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Nimechagua siga mbili na kuziandika kwa penseli kwenye pete zake, yaani vile vikaratasi vinavyozungushiwa siga. A ilitoka juu, kavu: gramu 10.9. B ilitoka chini kwenye sponji: gramu 12.6. Unene na urefu ni uleule.

Siku ya 16

Kipimo ndani ya kopo: 65 kamili. Kazi imekwisha, nikasema.

Siku ya 21

A 11.0. B 12.4. Kipimo bado 65.

Nimekaa nikiitazama mizani hii muda mrefu. Hewa ya kopo ilitulia ndani ya siku mbili, lakini majani hayajatulia hata kidogo. A bado inakunywa, B bado inatoa, na kipimo hakijui lolote kati ya hayo kwa sababu kinapima hewa tu. Mimi nahifadhi majani. Kuanzia leo safu ya kwanza ya daftari ni ya gramu, asilimia zinafuata.

Siku ya 23

Ukungu. Siga mbili zilizokuwa jirani na sponji zina madoa meupe yenye manyoya, moja limeanza kuwa kijani-bluu. Kosa ni langu: maji ya bomba, sponji iliyolowa chapachapa, na kona isiyopata hewa. Sponji ikitumika inatakiwa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa, ambayo hayaachi chokaa wala chumvi kwenye vitundu vyake, na ikamuliwe.

Utasikia wakongwe wakisema vumbi jeupe juu ya siga ni mafuta yaliyokomaa yakatoka nje, dalili ya ubora. Mimi sitaki mjadala huo. Kikiwa cheupe na kinasimama kama manyoya, ni ukungu. Moja ilikuwa na doa kwenye jani la nje tu, nikaifuta kwa kitambaa kikavu nikaitenga. Nyingine ilikuwa imeota mpaka ndani ya ncha ya kuwashia. Hiyo imekwenda jalalani. Sponji imeifuata.

Siku ya 28

Mbao za sanduku zimeshiba. Njia niliyotumia ni ya polepole: kibakuli cha maji yaliyokenekwa ndani ya sanduku tupu, kifuniko kimefungwa, wiki mbili. Kuna wanaopangusa mbao kwa kitambaa chenye maji ili kuharakisha. Nyuzi za mbao huinuka na ubao unaweza kupinda, sikuthubutu. Kipimo kilifika 72. Nikatoa kibakuli ili nione kama sanduku linaweza kushika.

Siku ya 32

61. Siku nne tu. Mbao hazina kosa, ni ule mstari wa bawaba.

Nimejiuliza kama nilizibe kwa gundi. Halafu nikakumbuka sanduku la siga ambalo mchekeshaji Milton Berle alimpa Rais John F. Kennedy wa Marekani, lililouzwa mnadani Sotheby's mwaka 1996 kwa dola 574,500. Watu hulipia sanduku. Tumbaku yenyewe haioni bawaba za shaba. Nimechomoa trei ya mwerezi kutoka kwenye sanduku na kuitia ndani ya kopo la plastiki, ikaingia kana kwamba ilipimwa. Sanduku sasa linahifadhi kalamu.

Siku ya 35

A 11.1. B 12.2.

Siku ya 47

Wiki ya joto. Chumba kimefika nyuzi 29 mchana, nami nimeanza kuogopa mdudu wa tumbaku, Lasioderma serricorne, kijidudu cha kahawia cha milimita mbili tatu ambacho kinaweza kuja na siga kikiwa bado yai. Joto likipita nyuzi 24 au 25 mayai yanaanguliwa, na kiwavi anatafuna njia yake mpaka nje, akiacha tundu kama la pini. Siga yenye tundu haivutiki, hewa inapita kando.

Sijaona tundu hata moja, lakini nimezigandisha zote kwa tahadhari. Mifuko ya zipu miwili, mmoja ndani ya mwingine, hewa imebanwa nje. Siku moja kwenye friji, siku tano kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, siku moja tena kwenye friji, ndipo chumbani, mfuko ukiwa bado umefungwa mpaka baridi iishe. Ukifungua mapema, mvuke wa chumba unatua juu ya jani baridi ukawa maji. Najua kwa sababu mfuko mmoja niliufungua mapema, nikitaka kuchungulia kidogo tu. Siga moja imepasuka jani la nje kuanzia katikati hadi kwenye pete.

Kopo nimelihamisha kutoka juu ya kabati hadi chini kabisa, nyuma ya viatu. Nyuzi 24.

Siku ya 58

Kuna jambo lililonisumbua. Nilikuwa na kopo la pili, tupu, lenye kipimo tu. Usiku chumba kikipoa, kopo tupu lilipanda kutoka 60 hadi 70, asubuhi likashuka. Kopo la siga halikusogea zaidi ya alama moja. Yote mawili yako sehemu moja.

Asilimia hii haisemi hewa ina maji kiasi gani. Inalinganisha maji yaliyomo na yale ambayo hewa ya joto hilo ingeweza kubeba. Hewa ikipoa uwezo wake hupungua, kwa hiyo maji yaleyale yanahesabika kuwa asilimia kubwa zaidi. Kwenye viwango vyetu nyuzi moja tu huleta tofauti ya karibu alama nne. Hivyo ndivyo kopo tupu linavyofanya. Kwenye kopo lililojaa, majani na mbao vina maji mengi mno kuliko hewa iliyopo, na hewa inafuata vinavyotaka. Tumbaku inajilinda yenyewe ikiwa nyingi. Siga tatu ndani ya kopo kubwa ni kazi ngumu kuliko kumi na saba.

Siku ya 66

A 11.2. B 12.1.

Siku ya 80

A 11.2. B 12.1. Hazijasogea. Wiki mbili mfululizo za namba ileile, na ndipo nimeandika "zimetulia" kwa mara ya kwanza. Kwa kipimo cha hewa ningeandika hivyo siku ya 16.

Siku ya 103

Nafungua kopo mara moja kwa wiki mbili, dakika moja, hewa ibadilike kidogo, basi. Mwanzoni nilikuwa nafungua mara tatu kwa siku kuona kama unyevu umeshuka, na bila shaka ulikuwa umeshuka, kwa kuwa nilikuwa nimefungua.

Kifuko kimoja kimeanza kuwa kigumu pembeni, nikibinya nahisi punje za chumvi. Kikikauka chote kama biskuti nitabadilisha. Cha pili bado laini.

Siku ya 120

Nimevuta A. Iliwaka sawasawa pande zote, jivu la kijivu lilishikilia karibu sentimita tatu kabla ya kuanguka, tena lilianguka kwa sababu nilipiga chafya. Theluthi ya mwisho ilikuwa kali kidogo.

B nimeiacha. Nitaipima tena siku ya 150, baada ya kubadilisha kile kifuko kigumu, nione kama mabadiliko hayo yanaigusa. Leo ilikuwa 12.1.